Vipimo vya Shangazi Vimebaki Kilwa

Jumapili, Mbagala Rangi Tatu

Shangazi ana sukari na presha, vyote vya miaka mingi. Mwezi uliopita miguu ilianza kuvimba, na daktari wa wilaya huko Kilwa alipompima damu akaona figo hazichuji inavyotakiwa. Akamwandikia rufaa. Ndugu tukashauriana aje Dar kwangu, kwa kuwa huku mabingwa ni wengi na yupo mtu wa kumpeleka na kumrudisha. Basi lake limeingia Rangi Tatu jioni hii, mvua ya masika haijakata tangu Kibiti.

Baada ya kula nimemwomba anionyeshe alichokuja nacho. Kuna barua ya rufaa yenye mhuri, daftari dogo ambalo kliniki ya sukari humwandikia kila akienda, na pakiti za dawa zilizobaki. Jibu la kipimo cha figo limo ndani ya barua, mstari mmoja tu. Nikauliza vya mwaka jana na mwaka juzi viko wapi, maana najua alipimwa.

"Viko kule kule hospitali, mwanangu. Siku hizi hawatupi makaratasi, wanaingiza kwenye kompyuta. Huku si wataviona?"

Nimemwambia tutajua kesho. Swali lake ni la watu wengi wanaoshuka kwenye mabasi ya mikoani na barua za rufaa mkononi, ndiyo maana nimeamua kuandika wiki hii siku kwa siku.

Jumatatu, hospitali ya rufaa

Tumetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kupanda daladala ya kwanza. Jina la hospitali naliacha, kwa sababu niliyoyaona pale yapo kwingi.

Mapokezi, karani ameuliza jina, umri, namba ya simu na kata anayoishi. Shangazi akatoa kitambulisho cha taifa, chenye namba ya tarakimu 20 ambayo hakuna Mtanzania mwingine mwenye kama hiyo. Karani akainakili, kisha kompyuta ikamtengenezea Shangazi namba nyingine, ya hospitali ile peke yake. "Umewahi kutibiwa hapa, bibi?" Hajawahi. "Basi mgonjwa mpya." Kliniki zote za Kilwa, sukari iliyopanda na kushuka, dawa zilizobadilishwa, kwenye mfumo ule hakuna hata kimoja.

Yaliyo mazuri nayo niyaandike, maana ni mazuri kweli. Zamani ulipanga foleni kwa keshia, ukapewa risiti ya mkono, na pesa ilikokwenda anajua Mungu. Leo ujumbe umeingia kwenye simu yangu wenye kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, nikalipa nikiwa nimekaa kwenye benchi. Serikali ilianza kukusanya malipo yake kwa njia hii mwaka 2017, na hospitali za umma zimenufaika sana, kwa sababu kila shilingi inaonekana ilikoingia. Daktari akiagiza kipimo, jina la mgonjwa linajitokeza maabara, na jibu linarudi kwenye skrini yake. Yeyote aliyewahi kuchomwa sindano mara mbili kwa kuwa karatasi ya kwanza imepotea kati ya jengo na jengo anajua thamani ya hilo.

Daktari ni kijana. Ameanza na shikamoo, akasoma barua taratibu, akamgeukia Shangazi. "Mama, hiki kipimo cha kreatinini, mwaka jana kilikuwa ngapi?"

Shangazi akanitazama mimi. Daktari akatueleza, na maelezo yake nayaandika yote kwa sababu ndiyo moyo wa safari hii. Kreatinini ni taka ya damu inayochujwa na figo, ikipanda ni dalili kwamba figo zinashindwa. Figo zinaweza kuzidiwa ghafla, kwa kuharisha sana, kwa maambukizi au kwa dawa fulani, na zikiwahiwa hurudi. Zinaweza pia kuchakaa polepole kwa sababu ya sukari na presha, na hizo matibabu yake ni mengine. Ili daktari aseme ugonjwa wa figo ni sugu, anahitaji kuona tatizo limedumu zaidi ya miezi mitatu. Kipimo kimoja hakiwezi kumwambia hivyo. Anahitaji cha leo na vya nyuma, avipange kwa tarehe aone mwendo.

"Vya nyuma viko kwenye kompyuta Kilwa," nikasema.

"Najua," akasema daktari. "Lakini mimi sivioni." Akaagiza vipimo vyote upya.

Jumanne, hospitali ile ile

Mfumo umegoma. Ndivyo alivyotutangazia mlinzi mlangoni, na kila aliyefika baadaye ametangaziwa maneno hayo hayo. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka karibu saa nane mchana watu wamekaa kwenye korido wakingoja, wengine wamesimama, mama mmoja mwenye mtoto wa homa akizunguka dirisha hadi dirisha kuuliza kama kontroo namba imerudi. Dawa zipo kwenye rafu na daktari yupo chumbani, lakini mgonjwa hawezi kulipa, na ambaye hajalipa hawezi kutolewa dawa.

Wagonjwa wa dharura wamehudumiwa kwa karatasi, na hilo nimeshukuru. Nikamuuliza nesi mmoja karatasi zile zitaingizwa lini kwenye kompyuta. Akasema zinawekwa kwenye boksi, na kesho wagonjwa wapya wanakuwa wengi kuliko muda wa kuingiza. Kwa hiyo siku kama ya leo inabaki pengo kwenye kumbukumbu za kila mgonjwa aliyetibiwa.

Tarehe 12 Mei 2024 tuliona kwa kiwango cha nchi nzima. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote, na kila ofisi iliyotegemea mtandao ikakwama. Kwenye duka la vifaa vya simu hasara ya siku kama ile inahesabika. Hospitalini mtu anaweza kurudi nyumbani bila dawa ya presha na kupooza usiku. Mfumo wa hospitali unatakiwa uweze kuendelea kwa seva yake ya ndani hata mtandao wa nje ukifa, kisha ujipatanishe mtandao ukirudi. Wataalamu wetu wanaliweza hilo. Linataka bajeti ya seva, betri na fundi anayekaa hapo hapo, na kwenye bajeti hizo ndizo huwa za kwanza kufyekwa.

Mchana vipimo vimetoka. Kreatinini ya Shangazi ni 151. Daktari ameagiza utrasaundi ya figo, ametwambia turudi Ijumaa, na ameuliza jambo ambalo Kilwa hakuna aliyewahi kuliuliza, au kama liliulizwa halikuandikwa. "Mama, kuna dawa yoyote ya maumivu unatumia?"

Shangazi ana magoti. Kwa miezi mingi amekuwa akinunua diklofenaki duka la dawa karibu na nyumbani. Daktari akaweka kalamu chini. Dawa hizo ni mbaya kwa figo zilizokwisha kuchoka, tena kwa mwenye presha na sukari.

Maduka ya dawa muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003 na leo ndiyo yanayowahudumia watu wengi kwanza, mjini na vijijini. Muuzaji hana njia ya kujua kwamba mteja aliyesimama mbele yake ana figo mbovu, na daktari hana njia ya kujua mteja huyo alinunua nini. Kwangu mimi pengo hili ni kubwa kuliko la kompyuta zilizozimika.

Jumatano, zahanati ya jirani

Shangazi amepumzika nyumbani. Nimeomba ruhusa kazini nusu siku nikaenda kumtembelea jirani yangu, nesi kwenye zahanati ya serikali, mwanamke ambaye mtaa mzima tunamwita Sista. Saa nane wagonjwa walikuwa wamepungua, akanikaribisha kwenye chumba chake.

Mezani kuna vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, vile vikubwa vinavyofunguka mpaka vinameza meza. Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto. Pembeni kuna kompyuta yenye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha vituo vya afya, uliotengenezwa hapa hapa nchini chini ya TAMISEMI. Mgonjwa akiingia, Sista anamwandika kitabuni kuanzia namba, tarehe, jina, umri, jinsi, anakotoka, uzito, alichoona na alichompa. Akimaliza anageuka kwenye kompyuta na kuandika tena yale yale. Nilimtazama akifanya hivyo kwa mama mmoja mwenye presha. Mama alikuwa ameshavaa kandambili zake na kuondoka, Sista bado anachapa.

"Kwa nini usiache kitabu?" nikamuuliza.

"Nikiacha kitabu na kompyuta ikazimika, nitabaki na nini? Halafu mkaguzi akija, cha kwanza anauliza kitabu."

Mwisho wa mwezi anakaa na karatasi ya kujumlisha, anapiga vijiti vitano vitano. Malaria ngapi, wa chini ya miaka mitano wangapi, wanawake wangapi, presha ngapi. Jumla hizo zinakwenda wilayani na kuingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya za nchi nzima. MTUHA ilianza miaka ya 1990 mwanzoni ikiwa karatasi tupu. DHIS2 ilitoka Chuo Kikuu cha Oslo, vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaifanyia kazi ifae hapa kwetu, na kufikia 2013 ilikuwa imesambazwa nchi nzima. Ni kazi ya kujivunia. Leo mtu aliye wizarani Dodoma anafungua kompyuta na kuona wilaya ipi kuharisha kumeongezeka na wapi chanjo imeshuka, bila kungoja malundo ya fomu yaletwe na gari.

Lakini DHIS2 inapokea jumla. Inajua zahanati ya Sista iliona wagonjwa wangapi wa presha mwezi uliopita. Haijui kama yule mama wa kandambili aliyekuja leo atarudi mwezi ujao, wala kama aliyekuja Januari bado yu hai. Mifumo yetu mikubwa ilijengwa ili viongozi wahesabu wagonjwa, na inahesabu vizuri. Kumfuata mgonjwa mmoja kutoka zahanati hadi wilaya hadi rufaa ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoachwa nyuma. Mkakati wa taifa wa afya ya kidijiti wa 2019 hadi 2024 uliweka wazi kwamba mifumo lazima isomane. Shangazi amefika Dar baada ya muda huo kupita, na mfumo wa Kilwa na wa hapa bado haijasalimiana.

Nilipomwambia Sista hivyo, akanielekeza chumba cha mwisho cha korido, cha CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. "Wale wanamfuata mgonjwa," akasema. Kweli. Tangu huduma hizi zilipoanza 2004, kila mgonjwa ana namba yake, ana kadi anayotembea nayo, na kituo kinabaki na yake, ambayo inaingizwa kwenye kompyuta. Mtu asipofika tarehe yake, jina linaonekana na kuna anayempigia au kumtembelea. Akihama Mbeya kuja Temeke, anahama na historia yake. Kwa hiyo tusiambiane kwamba nchi kama yetu haiwezi. Kwenye ugonjwa mmoja tumeweza kwa zaidi ya miaka 20.

Kilichofanya iwezekane ni watu. Vituo vingi vilikuwa na karani wa takwimu ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kwa sehemu kubwa walilipwa na fedha za nje, hasa za Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada, mikataba ya wengi wao ikakatika. Sista alimjua mmoja, kijana hodari wa kuchapa, sasa anaendesha bodaboda Charambe. Kazi yake wamegawana manesi. Inaniuma kwamba kumbukumbu za wagonjwa wetu zilitunzwa kwa mshahara ambao uamuzi wake ulikuwa unatolewa Washington. Nchi inayolipa walinzi wa majengo ya hospitali inaweza kulipa walinzi wa kumbukumbu za wagonjwa, na makarani wale wanastahili kurudishwa kwa ajira ya halmashauri, wapewe na wagonjwa wa sukari na presha pia.

Alhamisi, Kigamboni

Shangazi alitaka kumwona mjukuu mpya, mtoto wa binamu yangu. Tumepita Kongowe kuelekea Mjimwema, barabara ina maji lakini inapitika.

Mke wa binamu ametusimulia usiku wa kujifungua. Alikuwa zahanati, damu zikaanza kutoka kuliko kawaida. Nesi akapiga 115, namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Aliyepokea akauliza maswali yake kwa utaratibu, akaamua apelekwe hospitali ipi, gari la wagonjwa lilikuwa mbali, akampigia dereva wa teksi aliyesajiliwa mtaani. Walipofika hospitali wakunga walikuwa wameshapewa taarifa na wanangoja. Dereva akalipwa nauli yake kwa simu, familia haikutoa hata senti. Huduma hii ilijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ikazinduliwa kwa nchi nzima.

Huwa nawaambia wanaopenda kuonyesha programu mpya kwenye makongamano waende wakaone m-mama inavyofanya kazi. Anayepiga hahitaji simu janja wala bando. Taarifa inatangulia kabla ya mgonjwa, na mwenye gari analipwa usiku ule ule. Shangazi alimshika mtoto mkononi muda wote wa simulizi, akauliza kama wenye figo nao wana namba yao.

Ijumaa, Kariakoo kisha hospitali

Utrasaundi tumefanyia kituo binafsi Kariakoo kwa sababu foleni ya hospitali ilikuwa ya wiki mbili. Figo zote mbili zimesinyaa kidogo. Wametupa karatasi na picha nyeusi inayong'aa. Kwenye mfumo wa hospitali haiingii, daktari ataiandika kwa maneno yake.

Jambo kubwa la leo limetoka Kilwa. Tangu Jumanne nilikuwa namtafuta daktari wa kule kwa namba iliyo kwenye barua. Jana usiku akapokea. Akasikiliza, akasema ngoja nifungue, na baada ya muda picha ikaingia kwenye WhatsApp yangu. Ameipiga skrini ya kompyuta kwa simu yake. Vipimo vya Shangazi vimo humo vyote. Mwaka juzi kreatinini 96, mwaka jana 118.

Nilipomkabidhi daktari simu, aliziandika namba tatu kwa wino pembeni ya karatasi, 96, 118, 151, kila moja na tarehe yake. "Hii imekuja polepole," akasema. Ndani ya dakika chache akawa na uamuzi ambao Jumatatu hakuweza kuutoa. Metformin, dawa yake ya sukari, ipunguzwe iwe nusu, kwa kuwa figo zikishuka hivi dozi kubwa ni hatari. Diklofenaki ikome kabisa, magoti yatafutiwe njia nyingine. Dawa ya presha inayolinda figo iongezwe na damu ipimwe tena baada ya wiki mbili, kuangalia kreatinini na potasiamu. Kama mwendo huu ungeonekana mwaka jana, dozi ingeshushwa mwaka jana.

Nililipia Jumatatu vipimo kadhaa ambavyo havikuhitajika upya. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mfuko utakaolipia wote utalipia pia kila kipimo kinachorudiwa kwa sababu hospitali mbili hazisomani, na hesabu hiyo itakuwa kubwa kuliko gharama ya kuziunganisha.

Kuna kitu kimoja kwenye ile picha kilichonisumbua. Juu ya jina la Shangazi kulikuwa na majina ya wagonjwa wengine wanne, pamoja na vipimo vyao. Sasa vimo kwenye simu yangu mimi, mtu wasiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zinazotaka ulinzi wa pekee. Yule daktari simlaumu hata kidogo, alikuwa anamwokoa mgonjwa wake kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Madaktari nchi nzima wanafanya hivyo kila siku, wanatumiana picha za eksirei na vipimo kwa WhatsApp, na wagonjwa wanapona kwa sababu hiyo. Wanastahili njia rasmi, iliyo rahisi kama hiyo na inayofunga mlango kwa wasiohusika. Picha nimeikata ikabaki sehemu ya Shangazi tu, ile nzima nimeifuta.

Jumamosi, Mbagala

Kabla ya basi nimefanya kazi tatu. Nimemnunulia Shangazi dawa za mwezi mzima. Nimezipiga picha karatasi zote za Dar, majibu, dozi mpya na maelezo ya utrasaundi, nikamtumia daktari wa Kilwa kwa ridhaa yake Shangazi. Na nimemwandikia muuzaji wa duka la dawa la pale nyumbani barua fupi, Shangazi ataipeleka mwenyewe, kwamba asiuziwe diklofenaki wala dawa za jamii yake.

Basi limetoka saa nne. Daktari amejibu kabla halijafika Mkuranga. Ameona zote, dozi mpya ameiingiza kwenye mfumo wao, Shangazi afike kliniki Jumanne asubuhi bila kula, na damu ya wiki mbili atamchukua yeye mwenyewe. Ameomba nimpe namba ya daktari wa huku. Nimemuuliza kwanza mwenyewe, akakubali, nikaituma.